Mombasa hadi Milima ya Taita na kurudi siku hiyo hiyo: mambo ya kupanga kabla hujalipa

Ukimpigia wakala wa safari hapa Mombasa ukamwambia unataka Taita Hills kwenda na kurudi, usishangae akikupangia siku ya kutazama ndovu. Kuna hifadhi ya wanyama yenye jina hilo, pamoja na ile hoteli ya Salt Lick iliyojengwa juu ya nguzo, lakini iko chini nyikani, upande wa Bura, na milima utaiona kwa mbali tu. Kwa hivyo taja mahali hasa: mji wa Wundanyi, mlima Vuria, msitu wa Ngangao. Wakala akianza kubabaika kwenye majina hayo, jua hajapanda zaidi ya Mwatate, mji ulio chini ya milima.

Milima hii ndiyo ncha ya kaskazini ya safu kongwe inayotoka kusini mwa Tanzania na kupitia Uluguru, Usambara na Upare. Vuria, kilele chake kirefu zaidi, kina mita 2,208. Pepo za baharini, hizi hizi tunazozipata pwani, hupita juu ya nyika kavu ya Taru bila kuacha kitu, kisha hugonga milima, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu. Ukungu huo ndio uliobakiza vipande vya msitu wa asili huku juu, na ndio utakaokuharibia picha zako usipoujua.

Jambo la kwanza la kuamua ni nani atakuongoza. Dereva si mwongozaji. Dereva wa Mombasa anaijua barabara kuu, pengine anaijua Tsavo vizuri, lakini akifika Wundanyi atasimamisha gari mahali penye mandhari, mtapiga picha, na atauliza kama mko tayari kurudi. Mpango unaofanya kazi ni gari la Mombasa na mwongozaji wa Wundanyi. Kuna vijana wa huko wanaoshirikiana na ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, na vikundi vya jamii vinavyotunza misitu. Wanajua njia ipi imeteleza wiki hii, shamba la nani mtakatiza, na pa kupata chakula bila kungoja saa nzima. Anayejitangaza kuwa mtaalamu muulize leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Cheti cha KPSGA, chama cha waongozaji wa safari nchini, nacho kina madaraja matatu, shaba, fedha na dhahabu, na si vibaya kuuliza analo lipi. Kwa kundi la watu zaidi ya wanane omba waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwendo wa kundi huamuliwa na aliye mzito zaidi, na mwongozaji mmoja hawezi kuwa kwake na kwa vijana waliokwisha kutangulia.

Swali moja litakuonyesha mara moja kama mtu anaijua kazi yake: "Tukifika tukakuta ukungu, tutafanya nini?" Jibu la "hakuna ukungu msimu huu" ni jibu la muuzaji. Mwongozaji wa kweli ana mpango wa pili, na kwa kawaida mpango huo ni Ngangao.

Sasa saa. Mombasa hadi Voi ni kilomita 155 hivi, na kutoka Voi hadi Wundanyi ni 40 nyingine. Kwenye karatasi umbali huo unaonekana mdogo. Barabarani kuna Changamwe, Miritini, mizani ya Mariakani, na misururu ya matrela ambayo huwezi kuipita bila kuhatarisha roho za watu. Hesabu saa tatu hadi Voi na saa moja kupanda. Ukiondoka saa kumi na nusu alfajiri unafika Voi kama saa moja na nusu, unakunywa chai, na saa tatu uko Wundanyi. Ukiondoka saa kumi na mbili, Changamwe peke yake inaweza kukula dakika arobaini, na mlimani utafika jua limeshapanda na mawingu yamekutangulia.

Ndiyo maana tunasisitiza mahali pamoja pa kukutana. Kumchukua mmoja Bamburi, wawili Nyali, mama na watoto wake Tudor, ni njia ya hakika ya kupoteza saa moja kabla ya kutoka kisiwani. Chagueni Mwembe Tayari au mahali pengine panapofikika usiku, tangazeni saa ya kuondoka, na gari liondoke. Wa Likoni wavuke feri mapema au walale upande huu. Anayechelewa apigiwe simu mara moja tu.

Watu huuliza kuhusu treni. Ile ya SGR ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani huondoka Miritini saa mbili na kufika Voi mnamo saa nne, na ni starehe kuliko barabara. Tatizo ni kurudi. Mwenzake anayeshuka kutoka Nairobi hupita Voi karibu adhuhuri, wakati wewe bado uko msituni. Treni inafaa kwa anayelala Wundanyi usiku mmoja, na kusema kweli huyo ndiye atakayefaidi zaidi, ila mada yetu ni safari ya siku moja.

Njiani simameni mara mbili tu. Ya kwanza ni Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Pir Baghali kando ya reli, ambapo wasafiri wengi hushuka kuswali na kunyoosha miguu. Ya pili ni Voi. Hapo kula kidogo: chai, mkate, yai. Supu ya mbuzi iache, kwa sababu baada ya Mwatate barabara inaanza kujikunja, na kila kona itakukumbusha ulichokula. Mwenye kawaida ya kutapika garini akae mbele na anywe dawa yake hapo Voi, si baada ya kichefuchefu kuanza. Kati ya Voi na Mwatate ndovu huvuka barabara, hata mchana, na hakuna uzio unaokutenga nao. Mkiwaona, kaeni ndani, injini iendelee kuunguruma, na dereva asiwapigie honi.

Juu mlimani chagueni mambo mawili, si matano. Ratiba zinazoandika Vuria, Ngangao, mapango, mwamba wa Wesu na soko kwa siku moja zimeandikwa na mtu anayekaa ofisini.

Vuria ni kwa anayetaka kuona mbali. Kileleni kuna minara ya mawasiliano, kwa hivyo ipo barabara inayopanda, lakini ni mbovu na gari la kawaida halifiki. Acheni gari chini mpande kwa miguu, au mkodi gari la juu lenye nguvu ya magurudumu yote manne. Siku nyeupe unaliona tambarare la Tsavo lote, na upande wa magharibi Kilimanjaro. Lakini usiinunue safari hii kwa ajili ya Kilimanjaro. Kilele hicho huonekana zaidi asubuhi mapema, na mtu aliyetoka Mombasa alfajiri mara nyingi hufika kimeshajifunika. Ukikiona ni bahati. Usipokiona usimlaumu mwongozaji.

Ngangao, yapata kilomita kumi kutoka Wundanyi mjini, ni msitu wa asili, mdogo lakini mzito. Huku ndege ndio wenyeji wakubwa. Kuna aina ambazo hazipatikani popote duniani ila katika milima hii, na mmojawapo, anayeitwa Turdus helleri kwa jina la kisayansi, ni wa kutafutwa chini: kichwa na kifua cheusi, tumbo jeupe, ubavu mwekundu-kahawia, mdomo wa rangi ya chungwa. Hutifua majani makavu kutafuta wadudu, kwa hivyo msikie kabla hujamwona. Kundi linalopiga kelele litatoka Ngangao likisema hakuna kitu. Utaona pia jinsi msitu wa asili unavyotofautiana na mashamba ya misonobari na mikaratusi yaliyouzunguka: ndani ya mikaratusi ardhi ni kavu na kimya, hatua chache mbele kila shina limevaa kuvu na maji yanadondoka bila mvua.

Mpangilio wa mawili haya hutegemea mwezi. Januari na Februari asubuhi huwa nyeupe na mawingu hujikusanya kadiri jua linavyopanda, basi anza na Vuria. Juni hadi Agosti ni kinyume: ukungu hulala asubuhi na huenda ukafumuka mchana, basi anza na Ngangao, ambao ndani ya ukungu hupendeza zaidi, kisha jaribu kilele saa sita. Mwezi wa Aprili na Novemba, mvua zikishika, udongo wa huko huteleza kama sabuni na heri usubiri. Mpigie mwongozaji usiku wa kuamkia safari, na tena mkifika Voi.

Mapango ya mafuvu yanahitaji adabu. Zamani Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, walifukua fuvu la mzee baada ya muda na kuliweka pangoni pamoja na ya waliomtangulia. Hayo ni makaburi ya watu wenye wajukuu hapo hapo kijijini. Mwongozaji aombe ruhusa kwanza, mtu asiguse, na picha ni baada ya kuuliza. Ua maarufu la urujuani linalopandwa vyunguni duniani kote lina jamaa yake wa porini katika milima hii, lakini yuko msitu wa Mbololo, safu nyingine kabisa. Anayemtaka apange siku yake.

Kuhusu mavazi, watu wa pwani hudanganywa na joto la Mombasa. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi sita hivi. Mombasa ikiwa na 30, Vuria itakuwa na 17, na upepo juu yake. Mwezi wa Julai itashuka zaidi. Beba sweta na koti jepesi la mvua hata kama jua linawaka Mwembe Tayari. Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno. Raba iliyolika soli ni mbaya kuliko kuukuu yenye meno, na kandambili ziache garini. Buibui refu hunasa miiba na kuloa ukungu hadi magotini, kwa hivyo dada wengi huvaa suruali pana na kanzu fupi, na lesso begani kwa ajili ya swala. Suruali iingie ndani ya soksi: siafu wapo, na upupu pia.

Maji lita mbili kwa kila mtu. Chakula cha kubeba kiwe kikavu: mahamri, viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi. Mbaazi za nazi usizibebe. Zilizopikwa usiku na kukaa ndani ya gari lenye joto hadi adhuhuri zitakuwa zimechacha, na ukiumwa tumbo msituni hakuna choo. Bora agizeni chakula Wundanyi asubuhi mkipita, mkikute tayari mkirudi. Mkibahatika mtapata kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, chakula kinachoshiba kweli.

Bei usikubali ya mdomo. Iandikwe kinachohusika: gari, mafuta, dereva, mwongozaji, ada ya msitu, chakula. Ya mafuta unaweza kuihakiki mwenyewe. Kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya juu ni kilomita 440 hivi. Gari la abiria 14 hutumia lita moja kwa kilomita tisa au kumi, na milimani zaidi, kwa hivyo kisia lita 50, kisha zidisha kwa bei ya kituoni. Ukiambiwa mafuta ni mara mbili ya hapo, uliza kwa nini. Ukiambiwa ni nusu, uliza pia, maana anayefinya mafuta huenda anafinya na matairi. Mwongozaji mlipe mkononi kazi ikiisha, na beba pesa taslimu kidogo kwa sababu mtandao hukatika msituni.

Asiye na siku nzima aende Shimba Hills: Kwale si mbali, kuna maporomoko ya Sheldrick, askari wa Huduma ya Wanyamapori, KWS, huwasindikiza wanaoshuka kwa miguu, na malipo hufanyika kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu langoni. Ni vilima, havina baridi, lakini saa tisa uko nyumbani. Kasigau, ule mlima wa mita 1,641 unaouona kutoka Maungu, usiuchanganye na safari za siku moja. Kuupanda pekee kunamaliza mchana, na lazima ulale Rukanga.

Kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Ondokeni Wundanyi saa nane, saa nane na nusu ikizidi sana. Dereva ashuke kwa gia ya pili, asiegemee breki. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni mahali tambarare dakika ishirini breki zipoe zenyewe; kuzimwagia maji hupinda diski. Wanaonunua kabeji na ndizi wafungie mizigo nyuma, isiviringike miguuni mwa dereva kwenye kona. Lengo ni kupita Maungu na Buchuma kabla ya magharibi, maana giza likiingia ndovu huwa barabarani na matrela yaliyoharibika hukaa njiani bila taa, yakiwa yamewekewa matawi ya miti tu kama onyo. Mkichelewa Wundanyi hadi saa kumi na moja, laleni Voi.