Nginx yangu: kila nikiapdeti mabadiliko yapotea

Swali: Asalaam aleikum fundi. Nna mashine mbili za Linux dukani hapa Likoni, moja Debian moja Alpine, zote zaendesha nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Kwa Debian nilibadilisha faili ya nginx ndani ya /lib/systemd/system iwe ikifa yajiwasha tena, juzi nikaapdeti, mistari yangu yote imepotea. Kwa Alpine hata hiyo folda siioni. Faili zakaa wapi?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Andika kwanza cat /proc/1/comm kwa kila mashine, maana programu namba 1 ndo huamsha zengine zote. Debian itakwambia systemd, ndo msimamizi wa huduma zake. Alpine itasema init tu, hiyo ni ya BusyBox, mkusanyo wa amri ndogo ndogo, yasoma /etc/inittab halafu kazi ya kuwasha huduma yaiachia OpenRC, msimamizi wa huduma wa Alpine, kwa hivyo folda unayotafuta huko haipo.

Sasa, /lib/systemd/system ni pahali pa pakeji, si pako, pakeji mpya ikija yaandika juu ya faili yake bila kukuuliza. Pako ni /etc/systemd/system, na ya hapo ndo hufuatwa. Lakini tafadhali usikopi faili zima, utabaki na la zamani na wenyewe wakirekebisha kitu hutakipata. Piga sudo systemctl edit nginx, weka [Service] na chini yake Restart=on-failure, yaani ikifa vibaya ijiwashe, seivu, itakaa kwenye /etc/systemd/system/nginx.service.d/override.conf na apdeti haitaigusa. Siku ukitaka kubadilisha ExecStart, mstari wa amri inayowasha huduma, anza na ExecStart= tupu ndo uandike yako, la sivyo itaona amri mbili ikatae. Na ukihariri kwa mkono, systemctl daemon-reload ni lazima, ili systemd isome faili upya.

Alpine: skripti zi /etc/init.d, setingi zake /etc/conf.d, za jumla /etc/rc.conf. Piga rc-update add nginx default, ili stima ikirudi iwake yenyewe. Apk, amri ya pakeji ya Alpine, ikikuta umebadilisha kitu ndani ya /etc yaacha chako, yaweka kipya kando na mkia wa .apk-new, kwa hivyo ukiapdeti vitazame hivyo.

Kwa kazi ya duka mimi ningeiweka nginx kwa Debian, kwa sababu OpenRC haikuwashii iliyokufa mpaka skripti itumie supervise-daemon, mlinzi wake wa huduma.

Jioni ukishafunga duka jaribu kuiua kwa nguvu kwa sudo systemctl kill -s KILL nginx, kisha systemctl status nginx. Ikiwa imeamka, basi override yako imeshika, na systemctl cat nginx itakuonyesha kila mstari watoka faili gani.