Njiti wangu analishwa kwa mpira na uzito unashuka: jibu langu kwa mama wa wiki 30

Dada pole sana, nimesoma ulivyoandika kwamba mtoto amezaliwa wiki 30, leo siku ya tano, anapewa maziwa kwa mpira wa puani na uzito umeshuka badala ya kupanda, na unauliza kama maziwa yako hayamtoshi. Wangu alizaliwa wiki 29 na gramu 1150, siku ya sita alikuwa 1040, nikalia nikijua namuua kwa njaa. Kumbe njiti karibu wote hushuka siku za mwanzo, mengi ni maji yanayotoka mwilini, na wengi wanaurudia uzito wa kuzaliwa kwenye wiki ya pili hivi. Wangu aliurudia siku ya 13.

Halafu wanaanza kidogo makusudi. Wangu alianza na mililita 2 kila masaa matatu, mahitaji yake mengine yote yalipita kwenye dripu, kwa sababu utumbo wa njiti bado mchanga na ukiujaza ghafla unaweza kuumia vibaya. Hapo ndo maziwa yako yanapokuwa dawa kweli, maana yanapunguza hatari ya huo ugonjwa wa utumbo kuliko maziwa ya kopo. Kwa hiyo kamua mara 8 kwa siku na usiku usiruke, hata likitoka tone, na yale mazito ya njano ya siku za mwanzo usikubali yamwagwe.

Kuhusu mizani, mi iliniliza bure. Siku moja walimpima na nepi imelowa, kesho yake bila nepi, nikaona kapungua gramu 40 nikachanganyikiwa nusu ya siku. Omba apimwe mizani ileile, muda uleule, akiwa uchi, na uangalie mstari wa wiki nzima kwenye chati usiangalie jana na leo. Akishaurudia uzito wake wanategemea aongeze kama gramu 15 mpaka 20 kwa kila kilo kwa siku, na kama wiki inapita haongezi muulize daktari waziwazi kama kiasi kimepandishwa kulingana na uzito wa sasa au kama anahitaji maziwa yaongezewe nguvu, ni haki yako kabisa kuuliza.

Mpira wenyewe usikutishe. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja njiti wengi hawawezi mpaka wafikishe wiki 32 hadi 34 ukihesabu tangu mimba, mpira unamsubiria tu akomae. Maziwa yaache yashuke yenyewe taratibu usiyasukume na bomba la sindano, na kila mara nesi ahakikishe mpira uko tumboni kabla ya kumimina. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika kijani, au kinyesi kikiwa na damu, ita mtu hapohapo.

Na mweke kifuani ngozi kwa ngozi masaa mengi kadri wanavyokuruhusu, hata wakati maziwa yanashuka. Wangu alianza kulamba titi hivyohivyo mpira ukiwa puani, wiki ya 34 akavuta kweli, siku chache baadaye ukatolewa.

Leo saa nane usiku amka ukamue, hata zikitoka mililita 3 mpelekee.