Jaribio la wanga kwenye jani: linapoharibikia

Umefunika nusu ya jani kwa foili, umeuweka mmea juani, ili uone kama jani huhitaji mwanga kutengeneza wanga, lakini ayodini (dawa ya kahawia inayogeuka bluu-nyeusi ikigusa wanga) imeligeuza jani zima kuwa bluu-nyeusi. Usilaumu foili. Mara nyingi mmea haukukaa gizani vya kutosha.

Kukiwa na mwanga, jani hutengeneza glukosi kutokana na maji na kabonidayoksaidi, na ile isiyohitajika papo hapo huwekwa akiba kama wanga. Gizani akiba hiyo huvunjwa ikawa sukari, ikatumika au ikasafirishwa kwenda sehemu nyingine za mmea. Ndiyo maana mmea uliooteshwa kwenye kopo hufungiwa kabatini saa 24 hadi 48 kwanza. Kabla ya kuutoa, chuma jani moja ulipime. Likiwa jeusi, urudishe. Hatua hii wengi huiruka, na bila hiyo huwezi kujua kama wanga unaouona ni wa leo au wa juzi.

Foili ibane nusu ya jani, juu na chini, kisha mmea ukae juani kwa muda wa saa 4 hadi 6. Ukilichuma jani, kata alama ndogo ukingoni mwa upande uliofunikwa, maana likishapauka hutautambua.

Toa foili, chemsha jani kwenye maji dakika 1 hadi 2 ili seli zife na spiriti (ethanoli) ipenye. Sasa zima moto kabisa. Tumbukiza jani kwenye neli (kichupa chembamba cha maabara) yenye spiriti, neli uisimamishe ndani ya bika (chombo kipana cha kioo) la maji yaliyotoka kuchemka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayo yanatosha, na mvuke wake hudaka moto upesi mno. Spiriti ikiwa kijani na jani limepauka, litoe. Litakuwa gumu, la kukatikakatika; lichovye kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, ulitandaze kwenye kigae cheupe, kisha ulidondoshee ayodini.

Jani likibaki la kahawia lote, angalia ulichuma la mmea gani. La mwembe ni nene na lina nta, ayodini haipenyi vizuri. La kitunguu huweka sukari, si wanga. Maharage yanafaa.

Ayodini nayo izimuliwe ifanane na chai ya rangi. Ikiwa kali, hata sehemu isiyo na wanga itaonekana nyeusi.