Mkuu, usikikamue hicho kivimbe

Mwaga hayo maji ya moto. Umeandika kwamba mbwa wako wa miaka 8 ana kivimbe mgongoni, kimefikia ukubwa wa njegere, kina kidoa cheusi juu, na jioni shemeji yako anakuja mkikande kwa maji ya moto na kukikamua.

Mimi nilikamua. Niko Nyegezi, Mwanza, na mbwa wangu alikuwa na kitu kama hicho ubavuni. Mwaka mzima hakikumuuma wala kumwasha. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakumwona mbwa, hakuuliza hata umri, akasema, "Hilo jipu, libinye usaha utoke, kisha mchome hii." Akaniuzia chupa ya dawa ya ng'ombe. Mpaka leo nina hasira naye. Kama hujui, sema hujui, mtu aende kwa daktari!

Nikabinya kwa vidole gumba viwili. Ukatoka uchafu mzito wa kijivu, kama dawa ya meno, unanuka mafuta yaliyochacha. Nikafurahi, nikaendelea mpaka damu ikaja. Kumbe kile ni kifuko chini ya ngozi, kina ukuta wake, kimejaa mafuta na seli zilizokufa. Nilivyokaza, ukuta ukapasukia ndani. Uchafu ule ukimwagika kwenye nyama, mwili unapambana nao kama unavyopambana na mwiba. Siku ya tatu ubavu umevimba kama ngumi, wa moto, na mbwa aliyekuwa analala miguuni pangu ananitolea meno nikinyoosha mkono. Jirani huanika dagaa, nzi hawakauki. Siku ya tano nikafunua manyoya nikakuta funza wanatembea. Nililia.

Daktari wa mifugo alimpa dawa ya usingizi, akapasua, akasafisha, akashona nyuzi 9. Shilingi 180,000 pamoja na dawa, na wiki mbili za kumchunga asilambe kidonda. Kisha akaniambia kivimbe kile kingeweza kukaa pale mpaka mbwa afe kwa uzee.

Kwa hiyo shika hili: kivimbe hakibinywi wala hakikatwi kabla hakijachomwa sindano na kutazamwa kwenye darubini. Daktari anaingiza sindano nyembamba, anavuta kidogo, anapaka kwenye kioo. Ni dakika chache, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Na asikudanganye mtu kwamba kikiwa laini na kinateleza basi ni mafuta tu. Ni kweli vivimbe vya mafuta ni vya kawaida kwa mbwa wazee na vingi havina madhara. Lakini ipo saratani ya ngozi ya mbwa inayoweza kuwa laini vilevile, na ukiibinya inamwaga kemikali, pale panavimba na kuwa pekundu, mbwa anaweza hata kutapika. Kwa vidole huwezi kutofautisha. Hata daktari hategemei vidole.

Leo kipime kwa rula, kipige picha, andika tarehe, na watoto wasikichezee. Kikikua haraka, kikichubuka au kikitoa damu, usingoje. Kesho ulizia daktari wa mifugo, na kabla hujatoka nyumbani mpigie umuulize kama ana darubini. Wengine hawana, utarudi na chupa kama mimi.

Na shemeji mpigie sasa hivi, asije.