Petroli Ikishuka, Ile Tofauti Msiile

Mwaka 2015 mimi na mume wangu tulinunua gari kubwa kuliko tulilolihitaji, tena kwa mkopo wa miaka 5. Petroli ilikuwa imeshuka kwa miezi mingi, kila tukijaza tangi tunabakiwa na kitu mkononi, nasi tukaupigia mkopo hesabu kwa bei ya siku ile, kana kwamba itabaki pale pale. Naandika haya kwa sababu naona familia nyingi zinakaribia kufanya kosa lile lile.

Juni 2014 pipa moja, yaani lita 159 hivi, la mafuta ghafi (yasiyosafishwa bado) ya Brent, aina ambayo bei yake hutumika kama kipimo cha soko la dunia, lilifika karibu dola 115. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Marekani ilikuwa imeongeza sana uzalishaji wake, na Novemba 2014 nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, zikakataa kupunguza wa kwao. Soko likafurika.

Nyumbani tulifurahi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakufurahi. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima katika kampuni iliyokodishwa na makampuni makubwa ya mafuta, na makubwa yalipofunga mkoba, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa barua. Akahamia kwetu na mkewe na watoto wawili. Nafuu yote ya petroli iliishia kwenye sufuria iliyoongezewa midomo minne, na sikujutia hata kijiko kimoja. Nilichojutia ni kwamba hatukuwa tumeweka akiba yoyote.

Ni yeye aliyenifundisha kusoma taarifa za mapato ambazo makampuni haya hutoa kila robo mwaka. "Shemeji," aliniambia, "usianze na faida. Tazama kwanza wametenga kiasi gani cha kuchimba mwakani." Kisima huchakaa, kila mwaka hutoa kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Kampuni isipochimba vipya leo, mafuta hayo yatakosekana miaka michache ijayo. Kwa hiyo ukisoma kwamba wamepunguza sana fedha za uwekezaji, jua bei unayoifurahia inajiandalia kupanda.

Jambo la pili alilonionyesha lilinishangaza zaidi. Faida ya ExxonMobil, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, ilishuka kutoka dola bilioni 32.5 mwaka 2014 hadi bilioni 16.2 mwaka 2015. Lakini ukifungua ndani, upande wa kusafisha na kuuza mafuta ulipanda, kutoka bilioni 3.0 hadi bilioni 6.6. Mafuta ghafi ni malighafi ya kiwanda cha kusafishia, na malighafi ikishuka haraka kuliko bei ya petroli, kiwanda kinapumua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bei kituoni hupanda mbio na kushuka kwa kujikongoja. Ongeza kodi na gharama za usafirishaji, ambazo hazishuki kwa sababu pipa limeshuka, na utaona kwa nini pipa likiwa nusu bei, petroli haiwi nusu bei.

Kuhusu hisa nitasema kwa kifupi. Karo za watoto usizitegemeze kwenye gawio la kampuni ya mafuta, yaani sehemu ya faida inayolipwa wenye hisa, hata kama limelipwa kwa miongo. Februari 2016 ConocoPhillips ilikata gawio lake la robo mwaka kutoka senti 74 hadi senti 25 kwa hisa. Aprili 2020 Shell ikakata lake kwa mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka huo wa 2020 ExxonMobil ilipata hasara ya dola bilioni 22.4. Miaka miwili baadaye, Urusi ilipoivamia Ukraine na Brent ikavuka dola 120, ilipata faida ya bilioni 55.7. Kampuni inaweza kuvumilia bembea ya namna hiyo. Bajeti ya nyumba haiwezi. Mkopo wetu wa gari ulikuwa umekwisha, lakini gari lilikuwa linakunywa vile vile, na kwa miezi kadhaa tuliegesha na kutembea.

Sasa tunafanya hivi. Nimeandika kwenye daftari bei ya juu kabisa tuliyowahi kulipia lita moja. Bei ikiwa chini ya hapo, tunajilipa sisi wenyewe ile tofauti, siku ile ile ya kujaza tangi, kwenye akaunti ya peke yake. Usingoje mwisho wa mwezi, haitakuwepo. Kwanza inapunguza deni lenye riba kubwa, kisha inakuwa akiba ya siku bei itakapopanda. Sehemu ndogo tunawaachia watoto wachague matembezi, maana nyumba isiyoonja nafuu yoyote huchoka kujibana.

Na kama katika ukoo wenu yupo anayekula kutokana na mafuta, awe mchimbaji, dereva wa lori la kambi au mpishi wa wachimbaji, mwaka wa petroli rahisi ndio mwaka wa kuweka akiba zaidi.

Shemeji alirudi kazini mwaka 2018. Siku hizi nikiona bei imeshuka kwenye bango la kituo, simu ya kwanza ninayopiga ni yake, kumuuliza huko kazini kukoje.