Ukimya Niliouita Heshima

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kazi bandarini hapa Tanga aliniandikia ujumbe mrefu. Mkewe amerudi kwa wazazi wake Muheza, baada ya yeye kupindua sinia la chakula na kumpiga kibao, "kimoja tu" kama alivyoandika mwenyewe, na sasa anataka nimshauri namna ya kumrudisha bila kujishushia heshima. Sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi: "Kaka, mwanaume asiyekasirika nyumbani kwake ataogopwa na nani?" Niliisoma mara tatu, kwa kuwa swali hilo nilijiuliza mimi nilipokuwa na umri wake, nikaishi miaka mingi nikiamini kwamba nina jibu lake.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na wanaonifahamu tangu zamani wanajua nilivyokuwa. Nikiingia karakana, vijana walikatiza mazungumzo. Nikifika nyumbani, redio ilipunguzwa sauti kabla sijavua viatu. Mambo hayo yalinipendeza, sitaki kuficha, na barazani niliwasimulia wenzangu jinsi nyumba yangu inavyokwenda kwa nidhamu, nao wakanisifu kwamba huko ndiko kuwa mwanaume.

Nilikuwa na miaka 17 baba yangu alipofariki. Tulipokuwa tunatoka makaburini machozi yalianza kunitoka, baba mdogo akanishika bega na kuninong'oneza: "Jikaze. Wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba hii." Nikajikaza. Lilikuwa neno lile lile nililofundishwa jandoni, kwamba kisu kikipita mtoto wa kiume halii. Katika miaka iliyofuata niligomba na watu, nilivunja vyombo, nilirusha randa ikagonga ukuta sentimita chache kutoka kichwa cha mwanafunzi wangu, na hakutokea mzee hata mmoja wa kunishika bega na kuniambia nijikaze. Huzuni ilihesabiwa kuwa udhaifu na hofu ikahesabiwa kuwa uoga, lakini ghadhabu iliachwa ipite kwa sababu ilidhaniwa kuwa ndiyo dalili ya uanaume. Basi kila kilichonielemea, liwe deni, msiba au mteja asiyelipa, kilitokea kwenye mlango huo mmoja.

Hasara ya kwanza niliipata kazini, nami sikuielewa. Nilipewa kazi ya milango sita ya mninga kwa nyumba moja ya Raskazone, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye mkono mzuri kuliko wengine, alipasua ubao mmoja wakati anachimba tundu kwa patasi. Badala ya kuniambia, alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba ufa, akapiga msasa na kupaka vanishi mpaka mimi mwenyewe nisiuone. Miezi minne baadaye ufa ule ulifunguka, mteja akaniita na kunionyesha mbele ya wageni wake. Nilirudi karakana nikiwa nawaka, nikamfukuza kijana yule kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Leo ana karakana yake Makorora, ni fundi hodari, na tukikutana msikitini hunipa mkono huku anatazama pembeni. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Wakati ule niliamini kwamba alinificha kwa sababu si mwaminifu, na haikunipitia akilini kwamba mtu aliyekwisha kuona randa ikiruka hawezi kumletea bwana wake habari ya ubao uliopasuka.

Miaka ile ya katikati haina la kusimulia zaidi ya kugomba na kuomba radhi nusunusu. Nije kwenye Ramadhani ya mwaka 2019.

Mwezi ule ulikuja wakati wa masika. Kwa kawaida mimi hufuturu barazani pamoja na majirani, kila nyumba ikitoa sinia lake, lakini jioni moja mvua ilinyesha kiasi cha kuigeuza barabara kuwa mto, nikalazimika kufuturu ndani na familia. Tuliketi mkekani. Kulikuwa na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Nikamwona mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 12, ananyoosha mkono wa kushoto na kuchukua kipande cha muhogo. Nikamkemea: "Tangu lini mtu akala kwa kushoto katika nyumba hii?" Hakujibu. Alikirudisha kipande kile, kisha akautoa polepole mkono wa kulia uliokuwa umefichwa ndani ya kanzu ya mikono mirefu, akajaribu kukishika. Vidole havikukunjika. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupinda kidogo, na ngozi ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya nazi.

Alikuwa ameanguka na baiskeli yangu siku tisa kabla. Mji wetu huu ni wa baiskeli, kila mtoto anataka kupanda, nami niliwahi kutangaza kwamba atakayeigusa yangu atanitambua. Kwa siku tisa mke wangu, binti yangu mkubwa na mtoto mwenyewe walishirikiana kunificha mfupa uliovunjika. Walimpeleka kwa bibi mmoja anayekanda, akakandwa mara tatu juu ya mvunjiko. Binti yangu alikuwa akimwandikia ndugu yake kazi za shule usiku. Nilipogeuka kumtazama mke wangu, alisema neno moja tu: "Tulikuogopa."

Hospitalini daktari aliuliza mtoto ameumia lini, na mimi, baba mwenye nyumba yenye nidhamu, sikuwa na jibu. Nikanyamaza mpaka mamake alipojibu. Daktari akaeleza kwamba mifupa ya watoto huanza kuunga mapema, na kwamba wangemleta siku ile ile kazi ingekuwa nyepesi. Alivutwa mfupa, akafungwa hogo. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwarobaini uliokuwa pale na nikalia, kilio cha sauti, na watu wanapita. Nililia mkono wa mwanangu, na nadhani nililia na baba yangu pia, kwa kuwa msiba ule nilikuwa sijaumaliza.

Kijana wangu wa bandarini, ulitaka kujua nani atakuogopa. Nakujibu kwamba watakuogopa wote, na wakishakuogopa hawatakuambia lolote. Mtu mwenye hasira huwa wa mwisho kupata habari za nyumba yake. Paa linavuja, ada haijalipwa, mama yake anaumwa, mtoto amevunjika, na yeye yuko barazani anasifiwa. Ukimya ule nilikuwa nauita heshima, kumbe ulikuwa ni watu wanaoishi mafichoni ndani ya nyumba moja na mimi.

Tena usije ukajificha nyuma ya dini wala mila. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, akasema kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Ni nani katika sisi aliye mwanaume kuliko yeye? Kuhusu hicho kibao kimoja, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Haikutaja idadi ya vibao.

Utaniuliza nilifanya nini ili nibadilike. Nilianza na jambo dogo tulilofundishwa madrasa na tukalipuuza: ukikasirika umesimama, kaa, isipokutoka, lala. Hasira inapopanda, mwili humimina adrenalini, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza kama ya mtu anayetaka kupigana, na hali hiyo huhitaji dakika kadhaa kupungua. Mtu aliyekaa chini ni vigumu kurusha randa. Pale karakana nimeweka kigoda karibu na mlango, na vijana wanajua kwamba nikikikalia nisisemeshwe kwanza. Jambo la pili ni kwamba anayeniletea kosa lake mwenyewe simgombezi siku hiyo, hata kama ubao ni wa mvule. Nimepata hasara ya mbao kadhaa kwa sababu ya ahadi hiyo, lakini hakuna mlango uliotoka kwangu tena na ufa uliozibwa.

Nyumbani kumechukua muda zaidi. Mkono wa mwanangu unafanya kazi, ingawa kifundo hakikunyooka sawasawa, na kila anaposhika msumeno mimi hukiona. Mke wangu mpaka leo, akiwa na habari mbaya, husubiri kwanza nimalize kula. Simlaumu.

Kwa hiyo nenda Muheza Jumamosi hii. Usitangulize wazee, usibebe zawadi, wala usianze kueleza nani alianza. Waombe radhi wazazi wake, kisha umwombe mkeo akuambie yote aliyokuwa akikuficha tangu mlipooana. Yatakuwa mengi, na mengine yatakuchoma. Kaa chini kabla hajaanza, na usinyanyuke mpaka amalize.