Leseni ya ukaguzi wa nyumba na kurudi darasani

Mdogo wangu, umeuliza kama shemeji yako wa Florida anakupiga kamba anaposema anarudi darasani kila mara ilhali leseni ya kukagua nyumba tayari anayo. Anasema kweli. Leseni ya kule huhuishwa kila baada ya miaka 2, na mkaguzi anatakiwa awe na saa 14 za mafunzo, 2 kati ya hizo zikihusu nyumba inavyohimili kimbunga. Texas ni saa 32 kwa miaka 2. InterNACHI, chama cha wakaguzi wa nyumba, nacho kinataka saa 24 kila mwaka, kozi zake nyingi ziko mtandaoni.

Hizo 2 za kimbunga ndizo nazipenda: mtu anafundishwa adui wa kwao. Sisi hapa Bagamoyo adui ni chumvi. Inapenya kwenye zege, nondo inashika kutu na kuvimba, zege linapasuka. Fundi anapaka plasta juu, mnunuzi haoni kitu mpaka masika ya pili. Zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ndiyo usiseme. Ukizipiga plasta ya saruji badala ya chokaa, unafungia unyevu ukutani. Haya nimeyajua ukubwani, nikiwa juu ya ngazi (boriti zenye mchwa usiniulize).

Kozi za mtandaoni soma tu. Ila cheti cha InterNACHI hakikupi leseni ya Florida, na hapa nyumbani usijiite mhandisi kabla hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.